Bihogo Hajatikisika

Sijawahi kumchukia ng'ombe maishani mwangu. Mimi ni binti wa Bunda, nimekulia zizini, nimesomea mifugo, na serikali ikanileta Kasulu kuwatia ng'ombe wa watu mimba kwa mrija wa mbegu. Lakini mwaka 2014 alikuwepo ng'ombe mmoja kule Nyakitonto, chotara mwekundu aitwaye Bihogo, ambaye akilia napigiwa simu mimi, na asipolia napigiwa vilevile. Chanzo chote kilikuwa kola.

Kola yenyewe ilikuwa mkanda mnene wa shingoni wenye kiboksi cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Watu wa mradi walikuja nazo chache, wakawafunga ng'ombe wa maziwa waliowachagua, wakaweka mtambo wa kunasia mawimbi juu ya paa la shule, wakatupa semina yenye soda na maandazi, kisha wakapanda gari lao wakaondoka. Kiboksi kilikuwa kinapima ng'ombe anavyotembea, anavyolala na anavyocheua. Akiwa hana tatizo, mwenye ng'ombe anapata ujumbe kila jioni: NG'OMBE 07 SALAMA. Akihangaika kupita kiasi, ujumbe unasema ana dalili za joto, maana jike akitaka dume hatulii. Hapo natakiwa nifike upesi na mtungi wangu wa mbegu. Joto la ng'ombe ni la siku moja tu. Likikupita, unasubiri wiki tatu.

Jambo zuri, au siyo? Hata mimi nilipiga makofi kwenye semina. Ubaya ni kwamba ujumbe ulikuwa unakwenda kwa mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe hakuwa anakaa na ng'ombe.

Bihogo, namba 07 kwenye kola, alikuwa mali ya Mzee Hilali, muuza vitambaa na magodoro pale mjini Kasulu, mtu wa pwani kwa upande wa babu na Muha kwa upande wa mama. Alimweka kwa rafiki yake Dadi, Nyakitonto. Huku Buha ni kawaida: unampa rafiki ng'ombe amtunze, na urafiki wenu unakuwa na miguu minne. Walikubaliana hivi: maziwa na samadi ni vya Dadi, ndama dume ni wa Hilali, na jike la kwanza litakalozaliwa ni la Dadi moja kwa moja. Bihogo akazaa mara tatu. Madume matatu! Hilali aliwauza wote, Dadi na mkewe Esteri wakaendelea kusubiri jike lao. Baada ya dume la tatu Bihogo akagoma kabisa kushika mimba, na Hilali akaanza kusema maneno mawili ambayo soko zima liliyajua. La kwanza, asiposhika mpaka Idi kubwa anakwenda buchani. La pili, ng'ombe alimpa Dadi, hakuupa ukoo wa Dadi.

Simu ya kwanza ilinikuta naanua nguo. Ilikuwa Ramadhani, na Mzee Hilali akifunga hana subira hata ya kusalimiana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, joto! Saba ana joto! Upo wapi, dokta?"

Nikawasha pikipiki ya serikali, ambayo mafuta yake serikali haiyajui, nikaumeza ule udongo mwekundu mpaka Nyakitonto. Esteri alinipokea njiani, kitenge kimefunikwa kichwani mpaka kwenye nyusi. "Mwakeye, dokta," akanisalimia, kisha bila kuvuta pumzi: "Ng'ombe hana joto." Nyuma yake Bihogo alikuwa analia kama mtu aliyeibiwa. Nikamuuliza, sasa huyu anayelia ni nani? Akasema amemwona mbwa. Nikamuuliza Dadi yuko wapi. "Katoka." Alisimama mlangoni mwa zizi, mikono kiunoni, na mimi sikufundishwa kupigana na wenye mifugo. Nikarudi na mtungi wangu. Njia nzima niliilaani kola, nikawalaani watu wa mradi na maandazi yao.

"Mashine imesema," Hilali akanifokea nilipompa taarifa.

"Na Esteri amesema," nikajibu. "Chagua wa kumwamini, mzee. Mimi nakwenda kuoga."

Wiki tatu baadaye, simu. Nikaenda. Safari hii sikusubiri kukaribishwa. Nilipita pembeni mwa Esteri, nikaingia zizini, nikajionea mwenyewe. Uteute unaning'inia, mkia kando, macho yamemtoka. Hata mtoto wa shule angejua kuwa huyu ng'ombe ana joto. Nikavaa glovu ndefu huku nikisema maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia, na hapo Esteri akanishika mkono, glovu na vyote. Akavua kile kitenge kichwani. Alikuwa amenyolewa upara.

"Dadi amefariki, dokta."

Dadi alikuwa ameugua tumbo tangu mvua za mwisho, akapelekwa hospitali na kurudishwa, akafariki siku chache kabla ya ile safari yangu ya kwanza. Kaburi lilikuwa pale nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nilikuwa nimepita karibu nalo nikigombana na mashine.

Nikampa pole. Tukakaa kidogo. Kisha, Mungu anisamehe, nikatazama mtungi, nikamtazama ng'ombe, nikasema: "Sasa mama, si uniache nimalize kazi?"

"Haiwezekani. Tupo msibani. Mpaka tuganduke, tumalize msiba, hakuna mbegu inayoingia kwenye boma hili. Hata maharage hatujapanda kule bondeni. Na dume hapandi jike."

"Hili si dume, Esteri. Ni mrija!"

"Na ndani ya mrija kuna nini?"

Nikajaribu mlango mwingine, nikamuuliza mchungaji wao anasemaje. Akasema mchungaji anaiita mila hiyo ushenzi, lakini mchungaji hakai nyumba moja na mama mkwe wa Esteri. Wakipandisha kabla ya kumaliza msiba, na kesho akafa mtu, nani atabebeshwa lawama? Yeye. Mjane.

"Basi mwambie Mzee Hilali uko msibani. Ataelewa."

"Yewe! Nikimwambia, kesho anakuja na kamba. Alimpa Dadi, hakunipa mimi. Amesema mwenyewe, soko zima limesikia." Sauti yake ilianza kupanda. "Majani nakata mimi, dokta. Maji nachota mimi. Huyu ng'ombe akizaa, mimi ndiye ninayelala naye zizini. Nimengoja jike moja tu, moja! Tukimaliza msiba ashike mimba kwanza, ndipo nitamwambia. Ng'ombe mwenye mimba hahamishwi, hata Hilali anajua."

Ilikuwa hesabu nzuri, isipokuwa ilikuwa na tundu. Joto lijalo lingeangukia ndani ya msiba, na lile la baada yake ndilo pekee lililobaki kabla ya Idi. Nafasi moja. Na siri yenyewe ilikuwa imekaa kwa bahati tu: wakati wa mazishi Hilali alikuwa Dar amefuata mzigo, na huku habari ya msiba hailetwi na mpita njia, inaletwa na mtu aliyetumwa na wafiwa. Kila aliyetoka Nyakitonto akaingia dukani kwake alidhani mzee ameshaambiwa. Nikaahidi kunyamaza. Niliahidi huku nimekasirika, nimemkasirikia Hilali, nimemkasirikia marehemu, nimeikasirikia ile glovu iliyokataa kuvulika.

"Mimi nitanyamaza," nikamwambia wakati napanda pikipiki. "Lakini hicho kiboksi hakinyamazi. Ng'ombe akihangaika tu, kinasema."

Waswahili wanasema ng'ombe halemewi na nunduye. Ni kweli, Bihogo hakulemewa na nundu wala kola. Tuliolemewa ni sisi. Na nilivyo na mdomo, sikujua kwamba maneno yangu yale ya kuagia Esteri aliyashika kuliko yote.

Wiki ya joto la tatu ikafika. Nikakaa ofisini nangoja simu ya "joto, dokta, joto," nimeshatunga uongo wa kumwambia: mtungi umeishiwa ubaridi, gari la kuuleta limekwama njia ya Nyakanazi. Simu haikuja. Alikuja Hilali mwenyewe, kanzu imejaa vumbi la barabarani, ameshika kisimu chake mbele kama mtu aliyebeba yai. Ujumbe ulisema: NG'OMBE 07 HAJATIKISIKA. KAGUA HARAKA.

"Amekufa," akasema.

"Labda kiboksi kimeharibika, mzee."

"Kiboksi hakijaharibika! Jana ujumbe huu, leo ujumbe huu. Ng'ombe gani mzima asiyetikisa hata shingo? Amekufa, na Dadi hajaniletea ngozi!"

Hilo ndilo lililokuwa linamuunguza. Kwa taratibu za huku, ng'ombe wa kupewa akifa, mtunzaji anamletea mwenyewe ngozi na mguu mmoja wa nyuma, ili ajue hakuuzwa wala hakuliwa kwa siri. Ni heshima. Mtu akikaa kimya na ngozi yako, amekuita mjinga. Hilali alikuwa anatembea ofisini kwangu kutoka dirishani mpaka mlangoni, akihesabu miaka waliyojuana, akiuliza kuta Dadi amepatwa na nini. Simu ya Dadi akipiga anapokea Esteri, siku zote katoka, katoka, mtu gani huyu asiyekaa kwake?

"Si ungekwenda kumtazama, mzee," nikaropoka. "Zamani ulikuwa unakwenda."

"Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nakwenda! Na sukari, na chumvi ya ng'ombe. Tunakaa, ananipa mtindi, tunamtazama Bihogo. Lakini tangu mmefunga dude lenu, niende kufanya nini? Kila jioni naambiwa salama." Akakipiga kile kisimu kwa kidole. "Salama, salama, salama. Sasa leo nakwenda. Washa pikipiki."

Nilimwambia njia mbaya, nikamwambia nina kikao. Alikwisha kukunja kanzu na kupanda nyuma. Tukaenda hivyo, mtungi wa mbegu mbele yangu na Mzee Hilali mgongoni akinigombeza kila kwenye korongo, na mimi roho juu, natafuta namna ya kumwambia na sipati. Ahadi ni ahadi. Na ukweli mwingine ni kwamba niliogopa kuwa mimi wa kumwambia.

Tulipofika, kitu cha kwanza tulichokiona ni Bihogo. Alikuwa amesimama katikati ya zizi anatafuna maganda ya ndizi, mzima wa afya, na alipotuona alitoa mlio ambao nadhani waliusikia hadi Kibondo. Joto kamili. Kola haikuwa shingoni. Ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya zizi, vizuri kabisa, kwa kifungo chake, tena Esteri alikuwa ameifuta vumbi.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Alichotaka yeye ni kola inyamaze tu, na nguzo ndiyo kitu pekee nyumbani pale kisichohangaika.

Hilali alimtazama ng'ombe. Akaitazama nguzo. Akatazama simu yake, halafu ng'ombe tena. Damu ikampanda.

"Dadi!" akaita. "Dadi, toka nje! Umenifanya mtoto mdogo? Mimi na wewe ni wa kufungiana mashine kwenye miti? Toka, Dadi!"

Alitoka Esteri. Hakuwa na kitenge kichwani. Nywele zilikuwa zimeanza kuota kidogo, na hazikuhitaji maelezo kwa mtu ambaye mama yake ni Muha. Esteri akanyoosha mkono kuelekea kwenye migomba.

Hilali alikwenda peke yake. Sisi tulibaki pale zizini, Esteri na mimi, hatutazamani. Alikaa kule muda mrefu, kisha tukamwona ameinua mikono anaomba dua, na aliporudi magoti ya kanzu yalikuwa mekundu.

"Lini?" akauliza.

Esteri akamwambia. Akamwambia na ugonjwa, na hospitali, na miezi aliyolala ndani.

"Miezi," Hilali akarudia. "Na hamkunitumia mtu. Baada ya kufa, sawa, uliogopa nitamchukua ng'ombe, nimeshaelewa, mdomo wangu mwenyewe. Lakini alipokuwa mgonjwa? Dadi angeshindwaje kuniita? Nilimkosea nini?"

"Hakuona haja ya kukuita, mzee. Alijua mwisho wa mwezi utakuja kumtazama ng'ombe." Esteri alisema taratibu, bila kumlaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwezi wa kwanza hukuja. Wa pili nikamwekea kiti mlangoni, atazame njia. Mwezi wa mwisho hakuweza tena kukaa. Akaniuliza, Bihogo ni mzima? Nikamwambia ni mzima, anakula. Akasema, basi hatakuja."

Kisimu kikalia mfukoni mwa Hilali. Hakikuhitaji kusomwa, sote watatu tulijua kinasema nini. Bihogo alilia tena zizini, na mzee akakaa chini pale pale kwenye mavi makavu na kanzu yake, akafunika uso kwa viganja.

Sijui nilifikiri nini. Labda nilitaka tu kitu kimoja kiende sawa siku ile. Nikasema, "Mzee, ana joto leo. Mbegu ninayo hapa."

Hilali aliinua kichwa akamtazama Esteri. Esteri akatazama chini.

"Matanga hayajaanuliwa," Hilali akasema. "Tutasubiri."

Akaifungua kola kwenye nguzo akanikabidhi kwa mkono mzito, kana kwamba ananirudishia tusi. Kuhusu ng'ombe hakusema abaki wala aondoke. Alisema tu atakuja, akapanda pikipiki, na mpaka Kasulu hakunigombeza hata kwenye korongo moja.

Siku zile za kusubiri nilikosa raha. Watu wa mradi wakaniandikia kwamba namba saba haionekani, nitoe maelezo. Nikawaza niwaelezeje. Nikaitupa kola kabatini.

Kisha asubuhi moja, Idi ikiwa imekaribia, simu: "Dokta, njoo Nyakitonto. Anahangaika."

"Nani amekwambia, mzee? Kola?"

"Kola si nilikukabidhi wewe? Nipo hapa namwona. Nimekuja juzi kwenye kumaliza msiba, nimelala hapa hapa. Njoo, acha maswali."

Nilikwenda kwa kasi ambayo sitaitaja kwa sababu pikipiki ni ya serikali. Nikampandisha Bihogo, Hilali ameshika mkia, Esteri ameshika kichwa. Nilipomaliza mzee alinawa mikono, akamwambia Esteri mbele yangu: jike likizaliwa ni lako, kama nilivyosema na Dadi. Esteri akaitikia kwa kichwa. Sikumwona akifurahi sana. Likizaliwa dume, mzee hakusema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Idi ikapita, Hilali akachinja mbuzi. Bihogo akashika mimba. Hilali akawa anakwenda kila mwisho wa mwezi na sukari yake na chumvi yake, anamtazama ng'ombe tumbo, anapewa mtindi kwenye kibuyu kile kile cha Dadi. Na mimi nikawa naota majike. Katika kazi hii unajua kabisa kwamba mbegu haina macho, nusu kwa nusu, lakini nilikuwa naipitia ile mirija kichwani kana kwamba nilipaswa kuichagua vizuri zaidi.

Alizaa mwezi wa sita mwaka uliofuata. Nilikuwepo, kwa sababu ndama alikuja vibaya kidogo na ilibidi kuvuta. Tulivuta, Esteri na mimi, mpaka tukaanguka chali sote wawili na ndama juu yetu. Hilali akainama, akainua mguu wa nyuma, akatazama.

Nilijua kabla hajasema. Uso wake ulitangulia kusema.

Dume. Dume la nne! Nililaani. Nililaani kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, nikaipiga teke ndoo, nikamwambia Bihogo usoni kwamba katika ng'ombe wote wa mkoa wa Kigoma sijaona mwenye roho mbaya kama yeye. Esteri alimfuta ndama pua kwa kiganja ili apumue, akamsukuma kwa mama yake arambwe, kazi ile ile aliyoifanya mara tatu kabla. Kisha akaanza kukusanya nyasi zilizolowa, amegeuza uso.

Hilali alisimama kitambo akimtazama yule ndama akijaribu kuinuka.

"Dume ni langu," akasema. "Kama kawaida."

"Ndiyo, mzee," Esteri akajibu kule kule kwenye nyasi.

"Akiacha kunyonya nitakuja kumchukua. Na jike lako lichukue leo."

Esteri akageuka. Mimi nikadhani mzee amechanganyikiwa, nikamwambia, "Jike gani, Mzee Hilali? Hujaona? Ni dume!"

"Nyie wanawake mnashindwaje kuona?" akatufokea, machozi yakimlengalenga. "Jike si huyu hapa?"

Akampiga Bihogo mgongoni kwa kiganja, akafungua kamba kwenye nguzo, akampa Esteri mkononi.